Sheria ya Jozi katika Nchi ya Dahari

Sitaeleza nilivyofika Dahari. Anayetaka kwenda atapata njia, na asiyetaka hatapungukiwa na kitu kwa kutoijua. Nitaeleza nilichokikuta katika Nyumba ya Kumbukumbu ya nchi hiyo, kwa kuwa watu wa Dahari huisifu nyumba hiyo mbele ya kila mgeni, na kwa kuwa nimeona sifa hizo zikirudiwa ugenini na watu ambao hawajafungua humo hata faili moja.

Nyumba yenyewe ni nzuri, na sina sababu ya kulificha hilo. Kuta ni nene, madirisha yako juu ili jua lisizifikie karatasi, na hewa ya ndani imekaushwa ili ukungu usipate pa kuanzia. Msomaji hunawa mikono mlangoni, huacha kalamu yake ya wino kwa mlinzi na kupewa penseli. Kitabu kikongwe huwekewa mto chini ya mgongo wake, kwa uangalifu ambao sikuuona ukitumiwa kwa wagonjwa wa nchi hiyo. Jambo moja tu lilinishangaza nilipoingia katika chumba cha utafiti: kila meza ilikuwa na viti viwili vinavyotazamana, wala hapakuwa na meza ya mtu mmoja.

Mhifadhi Mkuu, Bwana Khatibu Ngwali, alinifafanulia. Ni mtu mnene mwenye sauti ya chini, na huzungumza kama anayeogopa kuamsha rafu.

"Ndugu mgeni," alisema, "zamani nchi hii iliteswa na ugomvi. Huyu anasema mambo yalikuwa hivi, yule anasema vile. Tukatunga Sheria ya Jozi. Tangu hapo hakuna karatasi inayosomwa peke yake. Kila habari hufungwa utepe mmoja na habari iliyo kinyume chake, zikasomwa pamoja kwa sauti na watu wawili wanaotazamana, kisha Baraza la Wastani hutamka kilicho katikati. Hicho cha katikati ndicho kilichotokea."

"Na kama mmoja wa hao wawili ni mwongo?"

"Hatutumii neno hilo humu," alijibu, akatazama rafu kama mtu anayetaka radhi.

Alinipa mifano, akidhani itanituliza. Mfalme mmoja wa kale ana utenzi wa watumishi wake unaosema aliwalisha maskini, na barua ya maskini inayosema aliwanyang'anya chakula. Kitabu cha shule cha Dahari kinasema aliwalisha maskini chakula chao wenyewe. Nilikiri kwamba mfano huo, kwa bahati, ulikaribia ukweli. Mwaka wa njaa kuu una taarifa ya daktari kwamba watu walikufa njiani, na hotuba ya gavana kwamba maghala yalifurika. Basi wanafunzi hukariri kwamba watu walishiba kiasi na wakafa kiasi. Daraja la zamani la mto Ngurue limeonyeshwa na ramani moja upande wa mashariki wa mji na ramani nyingine upande wa magharibi. Ramani rasmi imeliweka katikati, juu ya kilima, mahali ambapo hapajapata kupita mto. Idara ya Barabara hutuma mafundi kila kiangazi kulipaka rangi. Niliwahi kupita kilimani hapo nikawauliza mafundi wanapaka nini. Wakaniambia wanapaka mawe.

Ningeweza kuishia hapo, nikarudi kwetu na kichekesho cha kusimulia barazani. Lakini siku ile ile Bwana Khatibu aliniomba msaada. Msomaji mmoja alikuwa anangoja, na mtu wa kusoma upande wa pili alikuwa mgonjwa. Sheria inaruhusu mgeni akae kiti hicho, kwa kuwa mgeni hana upande. Nikakubali, nikidhani ni adabu ya nyumba.

Mbele yangu aliketi mwanamke wa makamo aliyejifunga kaniki ya msiba. Jina lake Mwanamvua.

"Wewe ndiye kinyume changu leo?" aliniuliza.

"Nimeambiwa hivyo."

"Mbona huna sura ya kazi hiyo? Yule aliyeugua alikuwa nayo, hata kukohoa alikohoa kwa kukanusha."

"Mimi ni mgeni, bibi. Nimeombwa tu."

"Ah, umeazimwa! Pole, baba. Basi sikiliza, ujue unachokisoma."

Akanieleza shida yake bila kupandisha sauti. Mama yake, Bi Siwema, alikuwa amefariki, naye alikuwa angali katika chumba cha maiti cha hospitali, kwenye barafu. Alikuwa ameusia azikwe Mtondooni, ubavuni mwa mama yake. Mtondooni kilikuwa kijiji. Sasa ni malisho ya ng'ombe wa serikali, yamezungushiwa uzio wa waya, na makaburi yamo ndani ya uzio. Sheria ya Dahari ya maziko ni fupi: aliyefukuzwa kwao ana haki ya kurudi kuzikwa kwao, aliyehama kwa hiari kaburi lake liko huko alikohamia.

"Kwa hiyo sihitaji mengi kutoka nyumba hii," alisema Mwanamvua. "Nahitaji neno moja. *Walifukuzwa.* Wakilitamka, namchukua mama yangu barafuni. Wasipolitamka, atazikwa kwenye viwanja vya mjini, kati ya watu asiowajua, na alisema kabla ya kukata roho kwamba hilo analiogopa kuliko kufa kwenyewe."

Utepe ukafunguliwa. Karatasi yake ilikuwa kuukuu, rangi ya chai, na chini yake zilijipanga alama za madole gumba ya watu wasiojua kuandika. Aliisoma kwa kunitazama mimi, kwa kuwa alikuwa ameihifadhi moyoni:

"Sisi watu wa Mtondooni tunalia. Askari walikuja alfajiri. Walitia moto mapaa yetu tukiwa ndani. Mzee Mpate alipokataa kutoka, walimtupa kisimani. Tulitembea mpaka ng'ambo ya Ngurue na watoto mgongoni, na tunaomba turudishiwe ardhi yetu, na kama si ardhi basi makaburi."

Kisha ikawa zamu yangu. Nilisoma kama nilivyosoma karatasi nyingi maishani, jicho likitangulia ulimi kwa maneno machache tu, na kwa hiyo ulimi wangu ulikwisha kuingia ndani ya jambo lile kabla sijalielewa:

"Sisi watu wa Mtondooni tunashangilia. Askari walikuja alfajiri kutusaidia mizigo. Mapaa yetu tuliyatia moto wenyewe, kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Mzee Mpate, kwa furaha nyingi, aliruka kisimani..."

Nilikuwa nimeweka kidole chini ya mstari; nilipokiinua, kilikuwa na wino mbichi.

"Endelea, baba," alisema Mwanamvua. "Usipofika mwisho, shauri langu linafutwa. Na huyo Mzee Mpate ni babu yangu. Nataka kujua alifurahi kiasi gani."

Nilifika mwisho. Sioni haja ya kunakili yaliyobaki. Nitasema tu kwamba nimesoma nyaraka za wauza watumwa na nyaraka za wapiga mijeledi, ambao kwa kawaida hueleza walichofanya na kwa nini walikiona halali. Na sijapata kushika karatasi iliyonichafua kama ile, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri na mtu asiye na kisasi na yeyote.

Nilimtafuta mwandishi wake. Hakujificha. Mlango wake una kibao: Mwandishi wa Kinyume. Wadahari huiita karatasi isiyo na mpinzani "karatasi mjane", na kazi ya ofisi hiyo ni kuwaoza wajane. Yaani karatasi ikikosa kinyume chake, ofisi huitungia. Mwenye ofisi, Bwana Mzale, alikuwa kijana nadhifu na mpole. Alinikaribisha chai.

"Karatasi ya Mtondooni uliiandika wewe?" nilimuuliza.

"Leo asubuhi. Imekauka?"

"Bado."

"Niwie radhi sana. Bibi yule ana haraka kwa ajili ya marehemu, nasi tumejitahidi. Kwa kawaida mjane hukaa humu muda mrefu kabla ya kupata mume."

"Ulikuwapo Mtondooni?"

"Mimi? Nilikuwa sijazaliwa." Alisema hayo kwa unyenyekevu, kama mtu anayetaja shahada yake. "Ndiyo sababu nikaaminiwa kazi hii. Waliokuwapo wote wana upande."

"Je, ulipata popote habari yoyote, hata uvumi, kwamba watu wale walichoma nyumba zao?"

"Ningeipata, kungekuwa na haja gani ya kuandika?"

"Na kama jambo lilitokea kweli, Bwana Mzale, likatokea kama lilivyoandikwa?"

"Hapo ndipo kinyume kinapohitajika zaidi, ndugu mgeni. Jambo ambalo halikutokea, nani atahangaika kulikanusha?"

Nikamuuliza kama ameandika pia kinyume cha taarifa za serikali: za askari, za magavana, za wasimamizi wa yale malisho. Kwa mara ya kwanza alionekana kutonielewa.

"Hizo? Hizo si upande. Hizo ni taarifa. Taarifa ya serikali haiwi mjane, huzaliwa imeolewa. Ongeza sukari?"

Nimesikia watu wa nchi nyingine wakisema kwamba ni vizuri kusikiliza pande zote mbili, nami nimelisema hilo mara nyingi. Lakini anayesikiliza pande mbili hufanya hivyo ili apate kujua. Dahari imechukua sikio la hakimu, ikaliondolea ubongo uliokuwa nyuma yake, kisha ikalitundika ukutani na kuliita haki. Mtu aliyepigwa na mtu aliyempiga wanapewa viti vya urefu sawa. Na kama aliyepiga hakuhudhuria, anakodiwa mwingine aseme kwa niaba yake kwamba kofi lilikuwa upepo.

Kesho yake Baraza la Wastani liliketi. Wajumbe walikuwa watatu, nasi wasomaji tuliruhusiwa kukaa nyuma. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alisomewa jozi yote, akatikisa kichwa kwa huzuni iliyogawanywa sawasawa kati ya karatasi mbili, kisha akatamka:

"Baraza limepima. Watu wa Mtondooni walifukuzwa nusu na walihama nusu. Kwa hiyo marehemu Bi Siwema ana nusu ya haki. Atazikwa mpakani, kaburi likikatwa na uzio katikati. Waya utafunguliwa kwa muda. Limebaki suala la sehemu gani iwe ndani."

Nilidhani atacheka mtu. Hakucheka mtu. Mjumbe wa kulia akasimama.

"Mheshimiwa, kichwa ndicho chenye nia. Na hiari ni nia. Waliohama kwa hiari walihama kwa vichwa vyao. Kichwa kibaki nje."

"Napinga," alisema mjumbe wa kushoto. "Kilichotembea kwenda ng'ambo ya Ngurue ni miguu. Kichwa kilibebwa tu. Miguu imekwisha chagua. Ibaki huko ilikochagua."

"Na kiuno?" aliuliza Mwenyekiti.

"Kiuno ni mstari wenyewe."

Wakabishana hivyo asubuhi nzima, kwa elimu, wakirejea maamuzi ya zamani. Kwani, nilikuja kujua, Bi Siwema hakuwa wa kwanza. Mwanamvua alisimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa mama, nauliza tu. Wewe ukifariki, nani atasema hukufariki?"

"Ofisi ya Kinyume itatoa karatasi," alijibu Mwenyekiti bila kusitasita.

"Basi utalala nusu macho. Pole, mama. Na hawa waheshimiwa wawili wanaogawana mama yangu kama kuku wa karamu, mmoja kidari na mmoja mapaja, waambie wamalize. Barafu ya hospitali nayo ina mwisho."

Mjumbe wa kulia alidai achukuliwe hatua. Mjumbe wa kushoto alidai apongezwe. Kwa hiyo hakufanywa lolote. Baada ya hapo walikata shauri: kichwa ndani, miguu nje.

Nilikwenda mazikoni. Watu wa Mtondooni waliosalia, na watoto wao, walikuja wengi kuliko nilivyotarajia, wakibeba jeneza kwa kupokezana. Bwana Mzale alikuja pia kwa niaba ya serikali, na kamba ya kupimia mfukoni. Waya ulifunguliwa. Ng'ombe walisimama mbali wakitutazama.

Wachimbaji hawakusimama pale mpakani. Walipita na majembe yao, wakaenda moja kwa moja hadi makaburini, na karibu na kaburi la mama yake Bi Siwema wakaanza kuchimba. Bwana Mzale alitembea haraka nyuma yao, akijaribu kutokimbia.

"Bibi! Bibi Mwanamvua! Hapa si mpakani. Hapa ni ndani kabisa. Hukumu imesema..."

"Nimeisikia hukumu, mwanangu."

"Basi wazuie! Nitaandika nini mimi?"

Mwanamvua aliitazama kamba ya kupimia mfukoni mwa kijana. Niliona akifikiri, na niliona fikra yake ilipofika.

"Andika kwamba tumemzika nje," alisema. "Nje kabisa, mbali na uzio, kule barabarani. Sisi tutaandika kwamba tumemzika ndani kabisa. Baraza litatafuta katikati. Katikati ni wapi?"

Bwana Mzale alitazama barabara. Akatazama makaburi. Midomo yake ilihesabu.

"Kwenye uzio," alisema.

"Kwenye uzio. Kama mlivyohukumu. Una tatizo jingine?"

Nilitegemea aone aibu. Badala yake uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli, kama ya mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzito ameelewa hesabu.

"Bibi," alisema, "laiti kila mwananchi angeielewa sheria yetu hivi!"

Akaenda hadi kwenye nguzo ya uzio, akaegemeza karatasi juu yake, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba marehemu amezikwa barabarani. Alitugeuzia mgongo muda wote huo. Nyuma yake jeneza lilishushwa, watu walitia udongo, wanawake waliimba. Hakugeuka hata mara moja. Alipomaliza alitoa rambirambi kwa adabu, akaondoka. Katika yote niliyoyaona Dahari, mgongo ule ndio uliouchoma moyo wangu zaidi. Nilikuwa nimedhani watu wale wanauogopa ukweli. Mtu anayeogopa kitu hukitupia jicho.

Watu walipoanza kutawanyika nilimwambia Mwanamvua kwamba ameshinda, lakini ushindi wake una ufa. Wajukuu wake wataingia siku moja katika chumba kile, watafungua utepe, na watasoma kwamba mama wa bibi yao amelala chini ya waya. Huko ndiko watakakokwenda kuweka maua.

"Wajukuu wangu sitawapeleka chumba kile," alisema, akijipangusa udongo. "Nitawaleta hapa."

"Na wajukuu wao?"

"Baba, unataka nimzike mama leo au nizike dunia nzima? Waliopo ndio nitakaowaonyesha. Wewe umekuja, umeona. Una miguu na una ulimi. Nenda ukasimulie."

Sikuridhika, na mpaka leo sijaridhika. Miguu huchoka, na anayeonyeshwa kaburi na bibi yake hulionyesha kwa mwanawe kwa kidole kinachotetemeka kidogo, na mwana huyo kwa kidole kinachotetemeka zaidi. Ndiyo maana wanadamu walijenga nyumba za kutunzia karatasi: ili mtu wa Mtondooni asiyejua kuandika aweke dole gumba lake leo, na mtu asiyemjua aweze kuliamini kesho. Watu wale walifanya sehemu yao. Waliileta karatasi ikiwa na moshi wa mapaa yao. Nyumba iliipokea, ikailaza juu ya mto, ikaikinga na jua, na ikailinda dhidi ya mchwa na unyevu wa hewa na mikono michafu, isiache wazi ila mlango wa Bwana Mzale.

Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga Bwana Khatibu. Aliniuliza kwa upole kama nitaandika habari za safari yangu. Nikasema ndiyo, na kwamba haitakuwa sifa.

"Andika, ndugu mgeni, andika kwa uhuru," alisema. "Ikifika hapa tutaihifadhi vizuri sana. Kinyume chake Bwana Mzale amekwisha kukitayarisha."

Basi nimeiandika huku kwetu, na sikuipelekea nyumba ile nakala. Aliyeisoma ajue kwamba sikutafuta katikati ya kitu chochote. Mapaa yalitiwa moto na askari. Mzee Mpate alitupwa kisimani. Na Bi Siwema amezikwa Mtondooni, ubavuni mwa mama yake, ndani ya uzio: kichwa, kiuno na miguu.